Undugu wa wanyama: si kufaana, si kufanana

Siku moja nilikuwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, upande wa samaki wakavu, nikisubiri zamu yangu mbele ya meza ya mama mmoja anayeuza usipa wa Kyela. Kijana aliyenitangulia alimwamkia, mama akaitikia, kisha kijana akanyoosha kidole: "Mama, dagaa hawa kopo bei gani?"

"Hawa si dagaa, mwanangu," mama akajibu huku mkono ukijaza kopo. "Hawa ni usipa. Dagaa wako meza ya mwisho kule, wametoka Mwanza."

"Lakini mama, si wote samaki wadogo? Wote unakaanga na nyanya, unakula na ugali."

Mama hakukubali. Usipa ni usipa. Kijana naye hakukubali, ingawa alilipa na kuondoka na kopo lake. Nilinunua ya kwangu, nikapanda daladala, na ubishi ule ukanifuata hadi nyumbani, maana ndani yake limo jambo ambalo wengi wetu tulilipata darasani kama orodha ya kukariri: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Tulikariri, tukajibu mtihani, tukasahau. Kumbe orodha ile inajibu swali ambalo kila mtu wa huku huuliza akikutana na mgeni msibani au harusini: huyu ni wa ukoo gani, na nani ndugu yake?

Kwa kipimo cha ukoo, mama na kijana kila mmoja alipata na kila mmoja alikosa. Dagaa wa Kigoma, wale wa Ziwa Tanganyika, ni ndugu wa sadini, samaki wa makopo. Mababu zao waliingia maji baridi wakitokea baharini. Dagaa wa Mwanza hawana undugu wa karibu nao. Wamo katika ukoo mwingine kabisa, na ndani ya ukoo huo wamo pia usipa wa Ziwa Nyasa. Yumo na mbasa, yule samaki mkubwa wa rangi ya fedha anayepanda mito ya Kyela kwenda kutaga, ambaye hufikia karibu nusu mita. Kwa hiyo usipa na dagaa wa Mwanza, waliotengwa meza mbili, wana ukoo mmoja, ilhali dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza, wenye jina moja, hawana. Na usipa aliye mrefu kama kidole yuko karibu zaidi na mbasa kuliko na dagaa wa Kigoma anayefanana naye kama pacha.

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Jikoni tunafuata kufaana: chochote kidogo, kikavu, kinachokaangwa na nyanya, ni dagaa. Machoni tunafuata kufanana. Wanaochunguza ukoo wa wanyama wameviacha vyote viwili. Wanatafuta kuzaliwa: nani na nani walikuwa na babu mmoja, na babu huyo alikuwa wa karibu au wa mbali kiasi gani. Ukishika hilo, orodha nzima ya shuleni inaanza kusomeka kama mti wa ukoo.

Kabla ya kufika kwa wanasayansi, niseme kwamba Kiswahili chenyewe kina uainishaji wake, na ninauheshimu sana. Kipepeo, kwa umbo la neno, angekaa na kiti na kikombe. Lakini hakuna Mswahili anayesema kipepeo kimeruka; tunasema ameruka. Chura ameruka, jongoo amejikunja, kifaru amelala, samaki amenaswa. Wote wanapewa a- na wa-, sawa na mtu. Lugha iliona, kabla ya hadubini, kwamba kuna himaya moja ya viumbe wanaokula viumbe wengine na kujisogeza wenyewe, na kwamba binadamu yumo humo. Ndiyo maana napenda kwamba wataalamu wetu walipotafuta jina la ngazi ile ya tatu, ile ya mamalia na ndege, walichukua neno ngeli kutoka kwenye sarufi.

Lugha inapitiwa mahali pachache. Matumbawe ya Pwani tunasema yamekufa au yamevunjika, kama mawe, kumbe ni maelfu ya wanyama wadogo waliojijengea nyumba za chokaa. Sifongo halisi ya baharini nayo ni mnyama, japo haina mdomo, haina tumbo, haina neva, na ikiisha kukua haihami. Upande wa pili kuna uyoga, ule unaopangwa kwenye ndoo kandokando ya barabara ya Iringa na Mafinga mvua zinapokolea. Tunauhesabu pamoja na mboga. Lakini uyoga haujitengenezei chakula kwa mwanga wa jua kama mchicha. Unakula vilivyokwisha kutengenezwa na wengine, na kuta za seli zake zina kemikali ileile inayopatikana katika gamba la mende na kaa. Vinasaba vinaonyesha kwamba himaya ya uyoga iko karibu zaidi na himaya ya wanyama kuliko na mimea.

Ngazi tunazozitumia zilianza na Carl Linnaeus, msomi wa Uswidi, aliyetoa toleo la kumi la orodha yake ya viumbe mwaka 1758. Hapo ndipo majina ya wanyama yenye maneno mawili, jenasi na spishi, yalipopata mwanzo wake rasmi. Mwaka huohuo alimtoa nyangumi katika samaki akamweka pamoja na wanyama wanaonyonyesha. Alikosea pia. Popo alimweka katika oda moja na nyani na binadamu. Wadudu aliwakusanya pamoja na buibui na kaa, na karibu kila kilichobaki, chenye mwili laini kisicho na mifupa, alikitupia katika ngeli moja ya minyoo, konokono akiwa humo. Linnaeus hakuwa na wazo la ukoo. Alipanga kwa maumbile aliyoyaona. Charles Darwin alipochapisha hoja yake mwaka 1859, ngazi zilezile zikapata maana mpya. Wanyama wawili wako katika familia moja kwa sababu wana babu mmoja, na wakiwa katika oda moja tu, babu yao ni wa zamani zaidi. Tangu hapo kila anayepanga wanyama anapaswa kujibu swali la damu.

Mfano mzuri kuliko wote uko hapa kwetu, katika Mlima Rungwe.

Wanyakyusa wanaoishi chini ya mlima huo walikuwa na jina la mnyama ambaye hakuwamo katika kitabu chochote: kipunji. Wawindaji walisema ni kima mwenye haya, anayekaa juu ya miti mirefu na kuonekana mara chache. Masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wengi wa msituni, wengine wa kweli na wengine wa hadithi, kwa hiyo watafiti waliolisikia jina hilo mapema mwaka 2003 hawakujua waliweke fungu gani. Walikuwa timu ya Tim Davenport, iliyokuwa ikifanya uhifadhi Nyanda za Juu Kusini. Waliendelea kufuatilia, na mwishoni mwa mwaka huo wakamwona vizuri: kima wa kahawia, uso mweusi, nywele zimesimama kichwani kama kishungi, mkia mrefu unaoelekea weupe kwenye ncha, na mlio wa ajabu unaochanganya honi na kubweka. Mwaka 2004, bila kujua habari za Rungwe, timu nyingine iliyoongozwa na Trevor Jones ikamwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, kilomita zipatazo 350 kutoka hapo. Mwaka 2005 wakamtangaza kwa pamoja.

Sasa, umtie wapi? Himaya ni wanyama. Faila ni Kodata, wenye uti wa mgongo na ndugu zao wachache wasio nao. Ngeli ni mamalia. Oda ni praimeti, pamoja na komba, sokwe na wewe msomaji. Familia ni ile ya nyani, mbega, tumbili na kima. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi ulianza kwenye jenasi. Kwa picha na sauti tu, maana hawakuwa na mzoga wala hawakutaka kuua mnyama adimu kiasi hicho, walimweka katika jenasi ya mangabi, kima wa misitu ambao hukaa juu ya miti na hufanana naye. Haukupita muda, kipunji mchanga wa kiume akakutwa amekufa katika mtego wa mkulima, upande wa Rungwe. Nyama na mifupa vikachunguzwa. Vinasaba vikasema kwamba ndugu yake wa karibu si mangabi wa mitini. Ni nyani, yule anayetembea chini kwa kundi na kuvamia mahindi. Lakini fuvu halikuwa la nyani, halikuwa na ule mdomo mrefu kama wa mbwa. Hakuenea kwa huyu wala kwa yule. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, na jina lake kamili likawa Rungwecebus kipunji: neno la kwanza limebeba mlima, la pili limebeba Kinyakyusa. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923.

Habari haikuishia hapo, na hapa ndipo panaponigusa zaidi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba baadhi ya kipunji wa Rungwe wana vinasaba vya upande wa mama vinavyofanana na vya nyani wa njano wa maeneo haya, ilhali wa Ndundulu hawakuonekana navyo. Maelezo yanayoeleweka ni kwamba zamani za kale kipunji na nyani walizaliana, na watoto wakabaki upande wa kipunji. Tulifundishwa kwamba spishi ni kundi linalozaliana lenyewe kwa lenyewe, likichanganyika na jingine mtoto huwa tasa, kama nyumbu wa punda na farasi. Kanuni hiyo inasaidia, ila si ukuta. Mipaka ya spishi ni kama mipaka ya mashamba ya ukoo: ipo, inajulikana, na mara mojamoja kuna mche uliovuka.

(Nyumbu mwenyewe ni onyo zuri. Neno moja hilohilo tunaliita mtoto wa punda na farasi, na tunaliita yule mnyama wa Serengeti mwenye pembe anayehama kwa makundi. Hawana undugu wowote wa karibu. Ndiyo sababu jina la Kilatini lipo: halimkatazi mtu kusema nyumbu, linaondoa tu mkanganyiko anapohitaji kuuondoa.)

Ukianza kuuliza swali la kuzaliwa, wanyama wa kawaida kabisa wanahama makabati. Fisi, ambaye kila mtu humweka na mbwa, yuko upande wa paka. Jamaa zake wa karibu ni nguchiro na fungo. Kakakuona ana magamba kama mjusi, lakini ni mamalia, na oda iliyo karibu naye zaidi ni ile ya wala nyama, simba na mbwa wakiwamo. Mamba yuko karibu zaidi na kuku kuliko na kenge. Hili huwashangaza watu, lakini kuku ni mzao wa dinosaria, na mamba na dinosaria walitoka kwa babu mmoja aliyekwisha kuachana na mijusi. Kumbikumbi tunaowakusanya usiku wa mvua wanapozunguka taa ni mchwa wenye mabawa, na mchwa wote wamo ndani ya ukoo wa mende. Ndugu zao wa karibu ni mende wanaoishi kwa familia ndani ya magogo yaliyooza huko Marekani na Asia. Siafu na sisimizi, tunaowadhania ni wadogo zao mchwa, ni ukoo wa nyuki na nyigu. Kichuguu na msafara wa siafu vimefanana kwa sababu koo mbili zilifikia maisha ya aina moja, kila moja kwa njia yake.

Katika yote haya, ninayempenda zaidi ni pimbi. Amekaa juu ya majabali ya Iringa akiota jua, umbo la sungura asiye na masikio marefu, na watu wengi humhesabu pamoja na panya au sungura. Mchunguze. Kucha zake zinaelekea kwato. Meno yake mawili ya mbele ya juu yanakua kama pembe ndogo. Sungura hubeba mimba mwezi mmoja. Pimbi hubeba zaidi ya miezi saba, kwa mwili ule mdogo. Ndugu zake walio hai ni tembo na nguva. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vinasaba viliongeza wengine katika ukoo huo: muhanga anayechimba vichuguu usiku, sengi mwenye pua ndefu, na fuko-dhahabu. Umbo halikuonyesha dalili yoyote. Hawa wote walitoka kwa babu mmoja aliyeishi Afrika wakati bara hili limezungukwa na bahari pande zote, na kila mtoto akachukua kazi yake.

Fuko huyo ana somo la shambani. Wakulima wa viazi wa Uporoto na Ukinga wanamchukia fuko, na wana haki. Yule anayekula viazi ni panya wa ardhini mwenye meno makubwa yanayotokeza nje ya midomo, hata jenasi yake imeitwa Fukomys, kwa neno letu hilihili. Lakini katika misitu na mashamba ya milimani yumo na fuko-dhahabu: manyoya yanayong'aa, macho yamefunikwa na ngozi, meno hayatokezi. Huyo hagusi kiazi. Anakula minyoo na mabuu. Wa kwanza ni ndugu wa panya, wa pili ni ndugu wa tembo, na jembe linawapiga wote wawili kwa jina moja.

Hadi sasa nimezungumza kana kwamba wanyama ni wale wenye mifupa. Hilo ni kosa letu sote na ni lazima nilirekebishe. Kuna faila zaidi ya 30 za wanyama, na sisi wenye uti wa mgongo ni sehemu ya faila moja. Spishi za wanyama zilizokwisha kupewa majina duniani ni takriban milioni 1.5. Ukiwaweka pamoja samaki wote, vyura, nyoka, mijusi, ndege na mamalia, hawafiki asilimia 6 ya hao. Mende-kifaru, vidungata, wadudu wanaotoboa mahindi ghalani na jamaa zao wengine wenye mabawa magumu ni zaidi ya spishi 350,000 peke yao. Faila ya Athropoda, yaani wenye miguu ya viungo na gamba la nje, ndiyo iliyoujaza ulimwengu. Ndani yake wadudu wana miguu sita. Buibui, nge na kupe wana minane. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Rungwe anayepambana na ndigana kali, inayoletwa na kupe, anapambana na jamaa wa buibui. Pweza na ngisi wako faila moja na konokono anayetambaa kwenye mgomba. Nyota-bahari ana undugu wa karibu na sisi kuliko alivyo na konokono. Faila nyingine nyingi zimo baharini na nitazipita, ingawa kila moja ingestahili makala yake.

Kundi moja siwezi kulipita, kwa sababu linaumiza watu wa huku. Ni minyoo.

Neno mnyoo halina ukoo ndani yake. Linaeleza umbo tu: kirefu, laini, hakina miguu. Chini ya neno hilo zimo angalau faila tatu zilizoachana zamani mno. Nyungunyungu wa shambani, mwenye mwili wa pete na rafiki wa udongo, ni wa faila moja. Minyoo duara, kama askaris wanaowasumbua watoto tumboni, ni faila nyingine, na kwa undugu wapo karibu zaidi na wadudu kuliko na nyungunyungu. Wote wawili, mdudu na mnyoo duara, hujivua gamba wanapokua. Kisha kuna minyoo bapa, ambao ni pamoja na tegu na wale wanaoleta kichocho. Hapo undugu unaonekana hadi dirishani kwa mfamasia. Prazikwanteli inayotibu kichocho ndiyo inayotumika pia kwa tegu wa tumboni, kwa sababu wagonjwa hao wawili wamebeba wanyama wa faila moja. Ukiwa na askaris, dawa hiyo haikusaidii. Unahitaji ya minyoo duara.

Mbeya, Songwe na Iringa tunafuga nguruwe kwa wingi, na tegu wa nguruwe ni tatizo la kweli, hasa wilaya kama Mbozi ambako limechunguzwa kwa miaka. Mzunguko wake ni huu. Mtu akila nyama isiyoiva yenye vimfuko vyeupe vidogo, tegu hukua utumboni mwake. Mayai hutoka na choo. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai huwa vimfuko katika nyama yake. Tatizo kubwa ni pale mayai yanapomwingia binadamu mwenyewe, kwa mikono michafu au mboga iliyochafuliwa. Hapo mwili wake unachukua nafasi ya nguruwe: vimfuko hukaa ndani yake, vikifika kwenye ubongo huleta kifafa. Mtu asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuupata ugonjwa huo kwa sababu jirani yake ana tegu. Na mwenye vimfuko kichwani asijinunulie dawa dukani, maana kuua vimfuko bila uangalizi wa daktari kunaweza kuuvimbisha ubongo. Ninapofikiria ndugu waliofichwa ndani kwa sababu kifafa kilidhaniwa ni kurogwa, wakati kilichomo ni mnyama mwenye jina, faila na njia ya maisha inayojulikana, naona uainishaji haupaswi kubaki darasani.

Kwa nini milima hii ina viumbe wengi wasiopatikana kwingine? Milima yenye misitu ni kama visiwa. Chini kuna joto na nyasi, juu kuna baridi na ukungu, na mnyama wa msitu wa mvua hawezi kuvuka tambarare kwenda mlima wa pili. Walioachwa juu ya mlima mmoja wanaendelea kuzaliana wao kwa wao kizazi baada ya kizazi, hadi wanakuwa tofauti. Vinyonga wanaonyesha hilo vizuri. Mwaka 2006 wataalamu walitenga jenasi mpya ya vinyonga wa misitu ya milimani ya Afrika Mashariki wakaiita Kinyongia, na mwaka 2009 milima ya Uporoto ikapata wake, Kinyongia vanheygeni. Udzungwa ilitoa kwale ambaye watafiti walimgundua mwaka 1991 kwa kuona miguu ya ajabu ndani ya sufuria kambini; ndugu zake wa karibu wako katika misitu ya Asia. Mwaka 2008 ikatangazwa sengi mpya mwenye uso wa kijivu, uzito wake karibu gramu 700, kutoka misitu hiyohiyo.

Chura ndiye aliyetuletea maumivu. Katika korongo la Kihansi, ambapo maporomoko yalirusha manyunyu usiku na mchana, mwaka 1996 alionekana chura wa njano mdogo kuliko ncha ya kidole gumba. Hatagi, anazaa vyura wadogo waliokamilika, kitu adimu sana kwa vyura. Alipewa jina Nectophrynoides asperginis, la pili likimaanisha manyunyu. Mwaka 2000 maji ya mto yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Vyura 499 walipelekwa kufugwa Marekani, na mabomba ya kunyunyizia yakafungwa korongoni, lakini kufikia mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Uzao wa wale waliofugwa ulianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Jenasi yake yote inapatikana Tanzania tu. Mmoja wa ndugu zake, Nectophrynoides viviparus, alipewa jina mwaka 1905, na kwa zaidi ya miaka mia alihesabiwa kuwa chura mmoja anayezaa, mwenye makazi kuanzia Rungwe hadi Udzungwa na Uluguru. Mwaka 2025 watafiti walilinganisha vinasaba, pamoja na vya vielelezo vikuukuu vilivyohifadhiwa makumbusho tangu zamani za Wajerumani, wakasikiliza na milio yao. Aliyekuwa mmoja akatengwa, na spishi tatu mpya zikapata majina. Mojawapo, chura wa misitu ya Iringa anayebeba watoto wake tumboni hadi wanapokuwa tayari kuruka, inaitwa Nectophrynoides uhehe.